Kijiti cha Oili
Niliponunua Mazda RX-8 iliyokwisha kutumika, fundi alinishauri nitie oili nzito, 20W-50, ili gari liache "kula oili". Nilikataa. Injini ya Wankel huzungusha rota badala ya kusukuma pistoni, na imeundwa kuingiza oili kidogo katika chumba cha mwako ili kulainisha ncha za rota. Oili isipopungua kabisa, hapo ndipo pa kuogopa. Kwa hiyo natia daraja lililoandikwa kitabuni, na kila nijazapo petroli nachomoa kijiti, kisha naandika kiasi daftarini. Taa ya presha huwaka injini ikiwa tayari hatarini. Fedha za umma nazo ni vivyo hivyo: kutumia si dhambi, dhambi ni kutopima, tukingoja taa iwake.