Piga Bandi Kwanza

Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kumbukumbu una picha ya kikombe cha kahawa ambayo povu lake limechorwa moyo. Mimi sinywi kahawa, inanipa kiungulia. Pembeni ya kikombe kuna jani la mti ambao sijawahi kuuona kwa macho, na chini yake kuna maneno ya Kiingereza, kwa herufi za kupindapinda, yanayomhimiza msomaji akusanye nyakati nzuri. Nilitumia jioni nzima na shilingi 18,000 za hela ya kula kuutengeneza ukurasa huo. Ulipokauka nikaupiga picha, nikauweka mtandaoni, nikapata mioyo mingi. Kitu pekee ambacho hakikuwamo katika ukurasa ule ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2023, muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili, Dar es Salaam. Nasomea utunzaji wa nyaraka. Mchana tulifundishwa jinsi karatasi zinavyokufa: unyevu, mchwa, jua, asidi iliyomo ndani ya karatasi yenyewe. Usiku nililala juu ya kitanda cha deka nikitazama video za wasichana wa mbali wenye meza nyeupe, mikasi ya dhahabu na madirisha yanayoingiza mwanga laini. Walikuwa wanatengeneza skrapubuku. Nikataka na mimi. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na stika, tepu za maua na chupa ya gundi nyeupe.

Badala ya kuandika pendekezo la utafiti, nikasoma historia ya jambo hili. Mwaka 1980, Marielen Christensen wa Utah, Marekani, alionyesha vitabu vya familia yake kwenye mkutano wa kumbukumbu za ukoo uliofanyika Salt Lake City, na wengi huhesabu hapo kama mwanzo wa skrapubuku za siku hizi. Zaidi ya miaka mia moja kabla yake, mwaka 1873, mwandishi Mark Twain alipata hataza ya kitabu cha kubandikia ambacho kurasa zake zilikuwa zimeshapakwa gundi. Unalowesha, unabandika, basi. Nilicheka, nikaona huyo ni mtu wangu. Na mimi niliamini kwamba kazi yote iko kwenye gundi: kitu kikishashika, kimehifadhiwa.

Kurasa kumi za mwanzo zote ni za kahawa, kwa namna moja au nyingine. Mabadiliko yalianza Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ambako ndiko nyumbani. Safari niliyozoea kuila kwa basi nusu siku nzima, foleni ya kutoka mjini ikiwemo, sasa ilikwisha chini ya saa mbili. Tiketi ya safari yangu ya kwanza sikuweza kuitupa. Nikaibandika peke yake katikati ya ukurasa, bila stika hata moja, na kwa mara ya kwanza ukurasa ukanitazama kama unanifahamu.

Nikaanza kuokota. Kipande cha gazeti kilichofungiwa karanga. Lebo ya kanga mpya. Vocha iliyokwanguliwa. Karatasi ya majani ya chai. Rangi zikabadilika zenyewe: waridi iliyopauka ikaondoka, ikaja rangi ya kaki, bluu ya wino, wekundu wa udongo. Nikaanza kupanga ukurasa kama kanga inavyopangwa: pindo kuzunguka kingo zote nne, mji katikati, na jina chini, sentensi moja tu ninayoiandika mwenyewe kwa mkono. Chini ya tiketi niliandika, "Nimefika kabla sijajiandaa kufika." Rafiki yangu wa chumbani akalipekua daftari, akasema, "Sasa huu ni mkono wako." Nikavimba kichwa.

Tatizo la kupata mkono wako ni kwamba unaanza kuona kila kitu kama mali yake. Nikawa mtu wa kunyemelea karatasi. Mtu akisoma kadi ya mwaliko, mimi naangalia ukingo wake. Shangazi akinionyesha barua ya zamani, mimi nasifia wino. Karatasi zikaacha kuwa za watu, zikawa malighafi.

Desemba hiyo nilirudi nyumbani. Mama yangu ni fundi cherehani, na kama mafundi wengi ana bati la biskuti lisilo na biskuti. Ndani yake kuna vifungo, bobini, chaki, na chini kabisa, karatasi zake. Nilikuwa natafuta kifungo cha blauzi. Nilichokiona ni stakabadhi iliyoandikwa kwa mkono mwaka 2011, karatasi nyembamba iliyogeuka rangi ya chai, na kwenye kona alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau. Mistari yote ya kidole ilionekana, duara ndani ya duara, kama shina la mti lililokatwa. Nilikijua kiwanja chenyewe, ndicho tunachokaa. Nilijua kimelipwa, kimejengwa, kimeisha. Nikaikunja ndani ya kitabu nikaondoka nayo. Sikuomba. Hata wazo la kuomba halikunijia.

Nilipofika chuoni nikaipaka gundi mgongoni mwote ili isijikunje, nikaibandika. Pindo nikaliweka la uzi wa zambarau. Ulikuwa ukurasa wangu bora kuliko yote.

Machi, Mama akapiga simu saa ambayo hapigi simu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mwanangu, kuna karatasi umeichukua kwenye bati?"

"Karatasi ipi?"

"Ya kiwanja. Ile yenye dole."

Mzee aliyetuuzia kiwanja alishafariki. Mwanawe mmoja alikuwa ameibuka akidai kwamba baba yao hakuwahi kumaliziwa awamu ya tatu, na alikuwa amefika mpaka ofisi ya serikali ya mtaa. Mama hakuwa na wasiwasi. Karatasi anayo, na mashahidi wawili walisaini.

"Walisaini wapi, Mama?" niliuliza, ingawa tumbo lilikuwa limeshanijibu.

"Nyuma," alisema. "Mbele hapakuwa na nafasi."

Usiku ule nilichemsha maji kwenye birika la umeme nikaushikilia ukurasa juu ya mvuke. Darasani tulikuwa tumeonywa kabisa dhidi ya jambo hilo. Gundi nyeupe ikikauka haina huruma. Karatasi ilitoka, lakini ilijichana katikati ya unene wake, kama ngozi ya tunda lililoiva sana. Upande wa dole ulibaki mkononi mwangu. Upande wa sahihi ulibaki kwenye daftari, umelala kifudifudi ndani ya gundi. Mgongo wa stakabadhi ulikuwa na manyoya meupe na nusu ya jina moja.

Nilipanda treni kesho yake nikiwa na vipande vyote viwili kwenye bahasha. Ofisini mwenyekiti aliigeuza ile karatasi, akaigeuza tena.

"Mashahidi wako wapi?"

"Wako kwenye daftari la mwanangu," Mama alijibu.

Watu wakacheka. Mama hakuwa anatania.

Shahidi mmoja alikuwa ameshafariki. Wa pili alihamia mbali. Alipigiwa simu, akathibitisha kwa sauti iliyosikika chumba kizima kwamba hela ililipwa na yeye alisaini. Yule kijana akasema sauti siyo sahihi. Tulikaa pale mpaka alasiri. Mwisho Mama akakubali kumpa shilingi 200,000 na kuandikiana upya mbele ya watu wote. Kesi iliisha kwa kuchoka, haikuisha kwa haki. Mama hutoza 10,000 kushona sare moja ya shule. Nilipiga hesabu njiani, bila kutaka: sare ishirini.

Hakunifokea. Ningependa angenifoka. Tulipofika nyumbani alivua kanga ya begani, akaikunja, akauliza kitu kimoja: "Uliibandika kwa nini?"

Ningeweza kusema kwa sababu ilikuwa nzuri. Ningeweza kumweleza habari za pindo na mji. Nilinyamaza.

Kuna kanuni moja ya uhifadhi ambayo niliiandika kwa rangi mbili kwenye daftari la darasani na kuijibia mtihani vizuri: chochote unachokitendea kitu cha kale, ukitende kwa namna ambayo mwingine baada yako anaweza kukitendua. Tulisoma pia habari za Alexander Gumby, Mmarekani mweusi aliyekata na kubandika kwa miaka mingi habari za watu wake katika vitabu vyake, wakati taasisi nyingi hazikujali kuzitunza. Mkusanyo huo aliutoa kwa Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1950, na watafiti wanaufungua hadi leo. Niliposoma habari zake nilimsifu kwa jicho lake. Sikuona kwamba alikuwa anatunza ushahidi. Nilifaulu ile kanuni bila kuielewa, kwa sababu nilidhani vitu vya kale ni vile vilivyomo kwenye makumbusho. Karatasi ya Mama ilikuwa bado iko kazini.

Nilikaa nyumbani wiki nzima. Siku ya tatu alinituma nimsomee vipimo wakati yeye anakata. Daftari lake la vipimo ni kaunta buku lenye jalada lililoshonewa kitenge, nimeliona tangu nizaliwe. Nikafungua: jina la mteja, kifua 38, kiuno 32, nyonga 42, bega 15, ametanguliza 5,000, Ijumaa. Na kwenye kona ya kila ukurasa, kipande cha kitambaa cha mteja huyo kimechomekwa kwa pini. Satini ya kijani. Kitenge cha samaki. Lesi ya bibi harusi, ndogo kama stempu. Kurasa mia na zaidi, miaka mingapi ya mtaa wetu: waliooa, waliozika, waliofaulu, waliofungua kanisa. Nilikuwa nimesafiri mpaka Utah kwa intaneti kutafuta kitu kilichokuwa kinaning'inia kwenye msumari juu ya cherehani.

"Mama, kwa nini hutumii gundi?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa nini havai viatu kichwani. "Hiki kipande bado kina kazi. Nikienda dukani kutafuta zipu na uzi nakichomoa, naenda nacho. Nikikibandika, nitabeba daftari zima?"

Baadaye, bila mimi kuomba, alivuta kiti karibu na kunifundisha bandi. Bandi ni mshono wa muda, wa hatua ndefu, unaoshikilia nguo wakati fundi bado anaamua. Ukivuta ncha moja, uzi wote unatoka na kitambaa hakijui kama kilishonwa. "Piga bandi kwanza," alisema. "Ukiona imekaa, ndiyo unapeleka kwenye cherehani."

Mimi sipeleki kwenye cherehani. Naishia kwenye bandi. Gundi niliigawa. Sasa kila ukurasa wangu una mfuko wa karatasi ya kaki, au wa mabaki ya vitambaa vya Mama, umeshikizwa kwa uzi mwekundu wa hatua ndefu, na kitu chenyewe kinakaa ndani, mdomo wazi. Pindo, mji na jina vimebaki, ila jina limebadilika. Badala ya sentensi ya kujipamba naandika hiki ni cha nani, amenipa lini, na kama kuna siku atakihitaji. Karatasi yenye kazi naipiga nakala, ya asili nairudisha kwa mwenyewe. Watu wanaoliona daftari huniuliza nilipata wapi mtindo huu, hasa ule uzi mwekundu. Huwa nasema nyumbani. Ni kweli, japo si kweli yote.

Ukurasa wa kahawa sijauchana. Ukurasa wa stakabadhi nao upo: pindo la zambarau, na katikati kipande cha karatasi kilichoganda, kimelalia majina ya watu wawili ambayo siwezi kuyasoma. Sikuandika jina chini yake.

Mwezi uliopita Mama alikuja Dar kununua bidhaa. Alikaa kwenye kitanda cha deka, miwani puani, akafungua kurasa zangu taratibu moja baada ya nyingine, akivuta kila uzi kidogo kupima kama umeshika. Alifika kwenye mfuko wenye kipande cha kitenge cha njano, baki la gauni aliloanza kumshonea jirani yetu. Akakichomoa, akakiinua kwenye mwanga, akakitia kwenye mkoba.

"Hiki naenda nacho Kariakoo," alisema. "Zipu yake sijaipata."

Alisahau kukirudisha. Mfuko uko wazi mpaka leo, na uzi umeshika.