Kikasha cha Baba Mkwe

Mpenzi msomaji, ukialikwa ukweni Kyerwa, usiende na bigijii mdomoni. Mimi nilikwenda nayo.

Tulitoka Bukoba asubuhi, mimi na mchumba wangu, tukavuka daraja la Kyaka na kupanda vilima hadi njia panda ya Omurushaka. Barabara moja inakwenda Kayanga, makao makuu ya Karagwe. Sisi tukashika ya Nkwenda, upande wa Kyerwa, ambayo hadi 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe hiyohiyo. Migomba kila mahali, na katikati yake mibuni. Stendi ya Bukoba nilimwona kijana akiuza vifurushi vyembamba vilivyofungwa kwa maganda ya mgomba, nikadhani ni ugoro. Mwenzangu alicheka tu.

Baada ya salamu, baba mkwe akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa kikasha. Kinaenea kiganjani, kimesukwa kwa nyasi nyembamba mno, ukikiona kwa mbali utadhani kitambaa. Mfuniko unakaa barabara, hata ukikitikisa hakimwagi kitu. Akakifungua, akaninyooshea. Ndani mlikuwa na matunda makavu, meusi.

"Asante baba, mimi si mtu wa kahawa," nikasema.

Kimya. Mchumba wangu akanikanyaga mguu.

Kumbe ile si ya kunywa, ni ya kutafuna! Matunda ya robusta huchumwa mabichi, yakachemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha yakaanikwa mpaka yakauke kabisa. Wahaya na Wanyambo walikuwa wakiyatafuna zamani sana, kabla ya wakoloni kuigeuza kahawa kuwa zao la kuuza nje. Mgeni hupewa kwanza, maneno baadaye. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimemwacha mzee wa watu na mkono hewani.

Bahati yangu hakukasirika. "Tema hicho kimpira, mwanangu," akasema, akanisogezea tena. Nikatafuna. Uchungu kwanza, halafu harufu ikapanda puani, halafu usingizi wa safari ukaniisha. Kikasha, akanieleza, kilikuwa cha babu yake. Enzi hizo mwanaume wa heshima hakutoka nyumbani bila fimbo, kiko na kahawa yake.

Kesho yake tukaenda Bweranyange, ulipokuwa mji wa wafalme wa Karagwe. Usitegemee majumba, leo ni vilima na upepo tu. Lakini Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe akiwa safarini kutafuta chanzo cha Mto Nile, akamkuta Mfalme Rumanyika amevaa joho jeusi la Kiarabu, bangili za shaba mikononi na shanga za rangi zimemjaa miguuni. Pembeni palikuwa na viko vikubwa vya udongo mweusi. Huyo ndiye mtanashati, jamani! Na sisi tunajiona wajanja kwa saa ya mkononi na simu mbili.

Ulaya nao hawakuwa nyuma. Karne ya 18 bwana mkubwa hakukosa kibweta cha ugoro mfukoni, cha dhahabu au chenye vito. Frederick Mkuu wa Prussia alikusanya mamia. Kwangu mimi kikasha cha nyasi kinakishinda kibweta cha dhahabu, maana chenyewe kimetengenezwa ili mwingine atie mkono.

Jioni mzee akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Na kwenu pwani, babu yako alibeba nini?"

Nikamwambia kijaluba. Cha fedha, kimenakshiwa, cha kuwekea popoo na chokaa ya tambuu. Babu alikuwa akikifungua mbele ya wageni barazani, taratibu, kana kwamba ana siku nzima.

"Kiko wapi sasa?"

"Kipo nyumbani, baba."

Uongo mtupu. Nilikiuza nilipokuwa chuo, kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, nikanunua simu. Simu yenyewe iliibwa baada ya miezi mitatu.

Usiku huo mzee alitusimulia habari za omukago, undugu wa damu. Wanaume wawili wanachanjwa karibu na kitovu, tunda moja la kahawa linapasuliwa, buni zake mbili zinapakwa damu, kila mmoja anameza ile yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo hawawezi kudanganyana wala kusalitiana. Sikuthubutu kumtazama usoni.

Tulipoondoka alitupa kifurushi cha kahawa. Kikasha alikirudisha ndani ya koti, na ndivyo ilivyostahili.

Omurushaka basi lilichelewa. Tukakaa juu ya mabegi, vumbi linatupiga, nikamwambia mwenzangu ukweli wote.

"Uliuza shilingi ngapi?" akauliza.

Nikamtajia. Akanyamaza kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu pikipiki zinazopita. Kisha akafungua kifurushi, akachagua tunda moja, akalipasua kwa meno. Buni moja akaitia mdomoni, nyingine akaniwekea kiganjani.

"Baba utamwambia mwenyewe," akasema.

Basi likatokea. Nilikuwa bado natafuna.