Msitu wa Karura: Matembezi Ndani ya Jiji la Nairobi

Msafiri atokaye katikati ya Nairobi kwa Barabara ya Limuru hana haja ya kwenda mbali. Honi za magari zingali zikisikika nyuma yake, naye amekwisha kulipa kiingilio langoni na kuzungukwa na miti. Huo ndio Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932.

Njia zake ni za udongo mwekundu, na kila njia panda ina kibao chenye namba. Askari aliyezoea kutembea na mzigo mgongoni ataziona nyepesi mno. Mama mwenye watoto atazimudu bila kuhema. Mvua ikinyesha, hata hivyo, udongo huo huteleza, na viatu vya mjini havifai.

Wengi hukaza mwendo kuelekea maporomoko ya Mto Karura. Maji huanguka kutoka kimo cha mita 15 hivi, na kule chini ubaridi wake humfikia mtu kabla hajayaona. Hatua chache kutoka hapo yapo mapango ambayo, kwa masimulizi ya wenyeji, yaliwasitiri wapiganaji wa Mau Mau katika miaka ya 1950. Juu ya matawi hurukaruka mbega, ambao walirejeshwa msituni humo kuanzia mwaka 2014.

Utulivu huo ulipiganiwa. Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu viligawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Tarehe 8 Januari, 1999, Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, wakashambuliwa na walinzi wa kukodiwa. Mama huyo alipasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha mashtaka, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwaka 2004 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Majumba yalizuiwa, lakini hofu ilibaki. Kwa miaka mingi mtu mwenye akili zake hakuingia Karura peke yake, kwani wahalifu walijificha humo. Mwaka 2009 kikaundwa chama cha marafiki wa msitu, kikashirikiana na idara ya misitu ya serikali. Ua wa nyaya za umeme ukajengwa, na vijana wa vijiji vya jirani wakafunzwa ulinzi; nani angeijua michepuko ya msitu ule kuliko wao? Tangu mwaka 2011 familia huingia bila wasiwasi.

Afadhali kufika asubuhi, ukungu ukingali mabondeni. Chakula kinaruhusiwa, ila maji yachukuliwe katika chupa ya kudumu, maana tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya. Adhuhuri mikeka hutandikwa kivulini. Wazee husinzia, na watoto huhesabu mbega mpaka hesabu ikawapotea.