Usingizi Wenye Mlinzi



Hapa Kalemie, kazi ya uchungaji inanipeleka mara nyingi hospitali, kuombea mtu anayengoja kupasuliwa. Ulizo linalorudi si juu ya kisu. Ni hili: "Mchungaji, wakinilalisha, nitaamuka kweli?" Wengine wanaongeza: si zambi kukimbia maumivu?

Ulizo hilo si la leo. Mwaka 1847, kule Scotland, munganga James Simpson alianza kulalisha mama wazazi kwa dawa inayoitwa kloroformi. Wenye kumupinga kwa Biblia, aliwajibu kwa Mwanzo 2:21: Mungu mwenyewe alimuletea Adamu usingizi mzito kabla ya kutoa ubavu.

Na si wazungu tu waliojua jambo hili. Mwaka 1879, Mwingereza Robert Felkin aliona huko Bunyoro, Uganda, mama akipasuliwa tumbo ili mtoto atoke. Waganga wa pale walimunywesha kwanza pombe ya ndizi, wakanawa mikono na kuosha tumbo lake kwa pombe ileile. Mama akapona, mtoto naye.

Angalia vizuri: pombe ile ilikuwa na kazi moja, na watu walikuwa macho pembeni ya mama. Lutuku ya machimboni haina hayo. Ndugu amebeba mizigo kutwa, mgongo unalia, anakunywa ao anameza Tramadol bila munganga, asisikie kitu. Simuhukumu, mzigo ni muzito. Lakini maumivu nayo ni mlinzi. Mgonjwa wa ukoma anaungua vidole juu hasikii moto tena. Ukimulalisha mlinzi kila siku, nani atakuambia kama mwili unavunjika?

Basi, siku ya kupasuliwa shika mambo mawili. Kwanza, ukikatazwa kula, usile. Na wewe mama, usimuletee mgonjwa bukari kwa siri: mtu akilala kwa dawa, chakula kinaweza kupanda na kuingia katika mapafu. Pili, sema ukweli wote wa lutuku na vidonge. Anayekulalisha ndiye anapima dawa na kulinda pumzi yako mpaka uamuke. Asipojua ulichokunywa, atakulinda namna gani?

Na kama unaona haya mbele ya mchungaji wako, mwambie tu atoke. Atangoja inje, akiomba.