Mkono Chini ya Lundo: Njugu za Soko la Machakos



Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara kwa barabara kuu huipita Voi, akaipita Mtito Andei na Emali, kisha Sultan Hamud, mji uliobeba jina la Sultani wa Unguja wa zama za kujengwa reli. Baada ya Salama, afikapo njia panda ya Kyumvi, hukata kulia, na baada ya mwendo mfupi huanza kuiona milima ya Iveti na mji wa Machakos ukiwa chini yake. Hewa hubadilika. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa pwani aliyezoea fukuto hutafuta koti jioni.

Jina la mji latokana na Masaku, mzee wa Kikamba aliyekuwa na heshima kubwa katika nchi hiyo. Waingereza waliweka hapo kituo chao cha utawala kabla Nairobi haijakuwa mji, lakini reli ilipopita mbali na Machakos, makao yakahamishwa. Sisi watu wa pwani tuna ujirani wa kale na Wakamba. Katika karne ya 19 misafara yao iliteremka hadi Mombasa na pembe za ndovu, ikarudi na nguo na shanga. Leo twapokea kwao embe, na mbaazi kavu ambazo mama zetu huzipika kwa nazi na kuziandika mezani pamoja na mahamri.

Nilikwenda huko kwa shughuli za madrasa, na asubuhi moja nikazuru soko la mji. Msomaji aliye mke wa nyumba angelifurahia soko hilo kuliko mimi: nzuu, ndizo mbaazi, nthooko, ndizo kunde, maharage ya kila rangi, na muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda. Kando ya hayo yamo magunia ya njugu karanga, nyekundu na za rangi ya maziwa. Nyingi hutoka Nyanza na Magharibi, na nyingine huvuka mpaka kutoka Uganda na nchi za kusini. Wako pia wenye mashine ndogo za kusaga, ambao humkaangia mteja njugu zake na kumsagia siagi papo hapo.

Mama mmoja wa makamo alikuwa akinunua gorogoro mbili za njugu. Muuzaji alipoinua kopo ili achote juu ya gunia, yule mama akamzuia kwa upole: "Ngoja kwanza, mama." Akakunja mkono wa sweta, akauzamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa ukufi wa njugu za chini. Akazipuliza, akazinusa, akazivunja mbili tatu kwa meno, kisha akasema, "Sasa nipimie." Muuzaji hakukasirika. Alinieleza kwamba wanunuzi wengi wa huko hufanya hivyo. "Hapa tulizika watu, sheikh," akasema. "Hatuli chakula kwa macho."

Maneno yake yana historia. Mwaka 1981 watu wa Machakos waliugua maini kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, na baadhi yao wakafa. Mwaka 2004 msiba ulirudi kwa ukubwa zaidi katika Makueni, Kitui, Machakos na majirani zake: wagonjwa 317 waliandikwa, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi yalikuwa yamevunwa wakati wa mvua isiyo ya msimu, na watu, kwa kuchelea njaa na wezi, waliyahifadhi ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Kuvu likaota, na kuvu hilo likatoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu.

Ilikuwa katika njugu ndipo sumu hii ilipojulikana mara ya kwanza. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na wachunguzi wakagundua kuwa walilishwa mashudu ya njugu yenye kuvu. Tangu hapo yafahamika kwamba njugu na mahindi ndivyo vyakula vinavyoandamwa zaidi na sumu hii. Mwanzoni mwa 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilisimamisha uuzaji wa aina kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu hiyo hiyo.

Nimeyaleta haya kwa kuwa siagi ya karanga imeingia katika nyumba zetu, na kuingia kwake ni kheri. Katika kila gramu 100 mna takriban gramu 25 za protini. Mafuta yake ni mengi, yakaribia nusu ya uzito, lakini sehemu kubwa si ya ile namna igandayo na kuudhi mishipa ya moyo. Hospitali zetu huwatibu watoto waliodhoofu kwa utapiamlo kwa kuwapa uji mzito wa njugu zilizosagwa pamoja na maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Katika familia zetu, ambamo kisukari na shinikizo la damu vimekuwa wageni wasiotoka, mchuzi wa njugu waweza kuchukua nafasi ya tui zito mara mbili au tatu kwa wiki. Nasema uchukue nafasi. Ukiongezwa juu ya tui na samli, faida yageuka mzigo.

Mapishi yake ni mepesi. Chukua mafungu mawili ya mchicha au sukuma wiki, uoshe na ukate. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, utie nyanya mbili hadi zilainike. Vijiko vitatu vya siagi ya karanga isiyo na sukari vikoroge katika kikombe cha maji ya vuguvugu, umimine, upunguze moto, ukoroge kwa dakika kumi kwani njugu hushika chini upesi. Tia mboga, chumvi kidogo, na mwisho ndimu. Huliwa kwa wali, ugali au muthokoi. Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, zaweza kumpalia. Na aliyewahi kuvimba au kutoka vipele kwa kula njugu asipewe kabisa hadi daktari amwone.

Lakini jiko halimalizi kazi ya sokoni. Kukaanga hupunguza sumukuvu, hakuiondoi, kuchemsha hakuitoshi. Kinga iko kabla ya moto. Chagua njugu zilizokauka, zinazolia zikitikiswa. Zimwage katika ungo, uzichambue moja moja: iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, wala isipewe kuku, kwa maana sumu humdhuru kuku pia. Zihifadhi mahali pakavu penye hewa, juu ya ubao, si juu ya sakafu. Na hapa pwani kwetu, penye unyevu wa bahari, nunua kidogo kidogo. Msagishaji asiyekuruhusu kuzitazama njugu kabla ya kuzitia mashineni, mwache. Uchungu ukiusikia mdomoni, tema. Na siagi ya dukani, tazama alama ya ubora na tarehe yake.

Ndugu zangu, Qur'ani Tukufu katika Surat al-Baqara yatuamrisha kula kilicho halali na kilicho kizuri, na maneno hayo mawili yamekuja pamoja. Tumekuwa wakali katika la kwanza: twauliza mchinjaji ni nani. La pili twaliachia macho. Na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita penye lundo la chakula sokoni, akautia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule unyevu juu watu wauone, kisha akajitenga na mwenye kughushi.

Yule mama wa Machakos huenda hajaisikia hadithi hiyo, na sikumuuliza dini yake. Mkono wake ulifanya sunna ya Mtume wetu mbele yangu. Basi dada zetu mwendao Kongowea na Marikiti, zamisheni mikono chini ya gunia bila haya. Na ndugu zetu wafanyabiashara, unyevu uwekeni juu, au muuanike tena juu ya turubai ukauke, msije mkauza ugonjwa wa ini kwa bei ya gorogoro.

Allah azibariki riziki zetu na azilinde nyumba zetu. Wabillahi tawfiq.