Elimu ya Maji

Watu wengi hudhani ya kuwa mtoto aliyezaliwa pwani hujua kuogelea kama samaki. Sivyo. Nimefundisha karibu na bahari miaka mingi, na kila mwaka huja watoto waliokua wakisikia mawimbi usiku na mchana, nao hawawezi kuelea hata kwa muda wa kusema Baba Yetu. Kuogelea hakurithiwi, hufundishwa, kama kusoma na kuandika.

Wazazi wengine huniambia, "Mwalimu, mtoto asiyekaribia maji hafi maji." Nami nawajibu kwamba maji hayangoji kukaribiwa. Tarehe 20 Septemba mwaka 2018, kivuko MV Nyerere kilipinduka katika ziwa Victoria, kilipokuwa karibu kufika kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Hao hawakuingia majini kwa kupenda. Sisemi kwamba kuogelea kungaliwaokoa wote. Lakini ajuaye kuelea hupata nafasi ya kungoja msaada.

Basi nawapeleka wanafunzi ufukoni maji yanapojaa, si yanapokupwa, kwa maana maji yanayokupwa humchukua mtu kilindini. Wala siku za bamvua hatwendi, mwezi uandamapo au uwapo mpevu, kwa kuwa mikondo huwa na nguvu. Somo la kwanza si kupiga mbizi, ni kuelea. Vuta pumzi, lala chali, masikio yawe ndani ya maji, ulegeze mwili. Mapafu yaliyojaa hewa huuinua mwili kama kibuyu kitupu.

Baba mmoja alitaka kumzuia mwanawe aliyepooza mguu. Akasema, "Huyu na akae mchangani, awatunzie wenzake nguo." Nilimsihi siku nyingi, mwisho akakubali. Mtoto yule akaelea siku ya tatu. Lakini mvulana mwenye nguvu kuliko wote darasani alikawia majuma matatu, kwa sababu alikuwa akipigana na maji. Nchi kavu humdai mtu miguu. Maji humdai utulivu. Mtoto asiyeona hufuata kamba na sauti yangu. Mwenye kifafa haachwi hata kidogo. Mtu mzima hukaa naye, mkono kwa mkono.

Alikuwapo pia msichana kiziwi, ambaye tulisema naye kwa ishara. Siku moja wenzake walikuwa wakicheza kwa kelele nyingi, mara akanishika mkono, akanyosha kidole. Nikaona mvulana amesimama wima majini, kinywa chake kikizama na kuibuka, wala hatoi sauti. Sisi wenye masikio hatukuwa na la kusikia, kwa maana afaye maji hana pumzi ya kupiga kelele. Lakini msichana yule alikuwa amezoea kutazama. Tukatupa kamba yenye dumu tupu lililozibwa, mvulana akalikumbatia, tukamvuta mpaka ufukoni, mzima.

Kwa hiyo, watoto, shikeni haya. Usiogelee peke yako. Ukimwona mtu anakufa maji, usimrukie, kwa maana mfa maji hushika chochote, naye atakuzamisha pamoja naye. Ita watu, mtupie kamba, au mnyoshee upondo nawe umelala chini mahali pakavu. Akitolewa hapumui, asining'inizwe kichwa chini, wala asikamuliwe tumbo, kama wafanyavyo wengine. Alazwe chali, na mtu aliyefundishwa ampulizie pumzi kinywani na kumbonyeza kifua, na mwingine akimbie kuita msaada.

Nanyi mnaojua kuogelea msijivune mbele ya wasiojua, wala msiidharau bahari kwa kuizoea. Wazee walisema, "Mwana maji wa Kwale kufa maji mazoea." Mjuzi wa kweli ni yule atazamaye wenzake wangapi wameingia majini, kisha akawahesabu tena watokapo.