Mjamzito asiye na mtu

Kwetu Ugogo, mjamzito wa kijiji cha mbali hakusubiri uchungu umkute nyumbani. Mvua za Januari zikishika, makorongo hujaa, hata lori la mnadani halipiti. Kwa hiyo mimba ikikaribia miezi tisa alifunga mzigo wake akaenda kukaa chigonella, nyumba ya kungojea kujifungua, nyuma ya hospitali.

Dada yangu alikwenda mwaka 1996. Chumba kirefu, sakafu ya saruji, mikeka imegusana. Hospitali ilitoa paa na wakunga. Unga, kuni na maji kila mtu na vyake. Hapo ndipo mwenye mtu na asiye na mtu walipojulikana. Jirani yake wa mkeka alikuwa na mama mkwe aliyemkorogea uji wa uwele kila alfajiri. Dada, ambaye mwanamume wake aliikana mimba, alijichotea maji mwenyewe, ndoo kichwani, miguu imevimba. Unga ulipokwisha siku zake hazijafika, akarudi kijijini. Alijifungulia kwa mkunga wa jadi, akavuja damu hadi kunakucha. Kupona kwake ni Mungu tu.

Mengi yamebadilika, na nayasema kwa shukrani. Vituo vya afya vingi sasa vinafanya upasuaji wa uzazi. Mpango wa m-mama, ulioanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022, umeleta namba 115: unapiga bure, na ambulensi ikiwa mbali anatumwa dereva wa hapo hapo jirani, nauli hatoi mgonjwa. Utafiti wa taifa wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104.

Ila asiye na mtu bado anahangaika. Binti wa dada, yule aliyezaliwa usiku ule, alipata mimba akiwa amepanga chumba Dodoma mjini. Siku ya kwanza kliniki aliambiwa aje na mwenza wapimwe wote VVU. Kama hana, alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akamtaka aanzie kwa mjumbe, mjumbe akataka neno la mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa ameshamwambia ahame, hataki vilio vya mtoto kwake. Alikohamia hakuna aliyemjua. Kliniki inayotakiwa kuanza kabla ya wiki 12, yeye aliianza mimba ina miezi sita, presha imeshapanda.

Kuwapima wawili ni jambo jema, silipingi. Lakini aliyekuja peke yake apimwe siku hiyo hiyo, damu na presha, awe na barua asiwe nayo. Mwenza akipatikana baadaye, naye apimwe.